Mtoto alidhani tumempeleka kwa bibi abaki

Mzazi mwenzangu, wiki mbili zilizopita sikuonekana katika ukurasa huu. Siumwi, na wala sijagombana na mhariri. Tulikuwa tunahama. Ninaandika haya nikiwa Dodoma, nimekaa juu ya boksi la vyombo kwa sababu viti bado vimefungwa kamba.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, tulijua kwamba siku moja zamu yetu ingefika. Barua ya uhamisho ya baba watoto ilikuja Mei. Nyumba ya Dar es Salaam tulitakiwa kuikabidhi kwa mwenyewe mwisho wa Juni, na katikati yake kulikuwa na safari ya Lushoto kwa mama mkwe, ambayo watoto walikuwa wameihesabia siku tangu Pasaka.

Mimi na mwenzangu tukakubaliana jambo moja: tusiwaambie watoto habari ya kuhama mpaka turudi. Waache wafurahie likizo kwanza. Tuliona tunawafanyia wema.

Leo nataka nikusimulie jinsi wema huo ulivyotugeuka.

Lushoto

Wanaoijua ile barabara wanajua. Ukifika Mombo unaacha lami kuu ya kwenda Arusha, unaanza kupanda Milima ya Usambara, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba huku na korongo kule. Kijana wangu wa miaka mitano alitapika kabla ya Soni. Dada yake wa darasa la tatu alikaa dirishani hajapepesa macho.

Juni Lushoto ni baridi ya kweli. Mji uko juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na watoto wa Dar es Salaam wanaolala na feni walijikuta wanavaa soksi kitandani. Asubuhi ukungu unaingia mpaka barazani. Bibi yao alipika maharage ambayo hayakuiva upesi, binti akauliza kwa nini ya nyumbani huwa yanawahi. Baba yake akamweleza kwamba juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kwa Lushoto ni kama nyuzi 95. Maji yanatokota, lakini hayana ule moto wa pwani.

"Maharage ya huku hayana haraka," bibi akasema. "Wewe pia usiwe na haraka. Huyu mjukuu nitabaki naye."

Tukacheka wote. Bibi gani hasemi maneno hayo? Sikuangalia uso wa binti yangu.

Kesho yake jioni baba watoto alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, akaongea na mwenye Fuso. Alisema kwa sauti, kama tunavyofanya wote mtandao ukisumbua: "Vitu vyote vinakwenda, hakibaki kitu. Nyumba tunakabidhi tarehe 30." Hakujua kwamba binti yake yuko kwenye migomba, anatafuta kuku.

Siku mbili zilizofuata mtoto alibadilika. Hakulia wala hakununa. Alikuwa na adabu kupita kawaida. Alikunja nguo zake akazipanga kabatini kwa bibi. Alifagia uwanja bila kutumwa. Mimi, mama yake, nikajisifu moyoni kwamba hewa ya mlimani imemkuza.

Aliyegundua ni mama mkwe. Usiku wa tatu aliniita jikoni, akaniambia taratibu: "Mwanangu, huyu mtoto ana jambo. Leo ameniuliza sare ya shule ya hapa ni rangi gani."

Nilishika ukingo wa meza. Ndipo nilipounganisha yote: maneno ya bibi, simu ya Fuso, nguo kabatini. Mtoto wangu wa miaka tisa alikuwa ameamini kwamba tunahama na kwamba yeye tumemleta abaki. Na alikuwa anajifunza kuwa mtoto mzuri wa kubaki.

Pale Irente

Asubuhi yake tulikuwa tumepanga kwenda Irente, kwenye ukingo ule ambapo mlima unakatika na unaona uwanda wote chini, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari. Bibi alimchukua mdogo kumnunulia mahindi. Sisi watatu tukakaa mbali na ukingo.

Nilimuuliza, "Unadhani tunakwenda wapi tukitoka hapa?"

"Nyinyi mnahama," alisema. "Mimi nabaki kwa bibi. Si ndiyo?"

Baba yake hakuweza kuongea kwa muda. Kisha akamwambia: ndiyo, tunahama, tunahamia Dodoma, tunakwenda wote wanne, hakuna anayebaki. Akamwomba radhi kwamba amesikia kwenye simu jambo ambalo alistahili kuambiwa na wazazi wake. Sijawahi kumsikia mume wangu akimwomba mtoto radhi. Nakiri hata mimi sikuwa nimezoea.

Ndipo akalia, tena sana. Halafu yakaja maswali, na hayakuwa yale niliyoyaogopa. Nani atakaa na rafiki yake kwenye dawati? Paka wa jirani atapewa dagaa na nani? Dodoma kuna bahari? Kitanda chake kitaingia kwenye gari?

Kitanda kitaingia, tukamjibu. Bahari haipo. Kuhusu rafiki, hatujui, ila tutampigia simu mama yake na mtaagana. Hatukumwahidi kwamba atapenda shule mpya. Tungejuaje?

Mzazi mwenzangu, nimelifikiria sana jambo hili. Sisi tuliolelewa na bibi tunajua kwamba kubaki kwa bibi si adhabu, na wengi wetu ndiko tulikopata malezi bora. Lakini mtoto anayebaki anapaswa kuambiwa anabaki, na anayekwenda aambiwe anakwenda. Tukinyamaza, mtoto anaziba pengo kwa akili yake mwenyewe, na anachokiweka pale mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli wetu.

Kufunga mizigo

Tuliporudi Dar es Salaam tulibaki na siku tisa. Nikueleze yaliyotusaidia, huenda nawe barua iko njiani.

Kwanza, kila mtoto alipewa boksi moja lake, akaliandika mwenyewe kwa kalamu nene. Ndani anaweka anachotaka, na mtu mzima haruhusiwi kutoa. Mdogo aliweka mawe matatu ya Lushoto na kifuniko cha sufuria. Tumevisafirisha.

Pili, tulianza mapema habari ya shule. Usingoje mpaka ufike. Hakikisha shule unayokwenda ina nafasi na imekubali kumpokea, kisha mwalimu mkuu wa shule ya zamani akamilishe uhamisho. Mimi nilichelewa, nikapanda daladala mara nne kwa karatasi moja.

Tatu, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mdogo, kadi za bima na ripoti za shule viliwekwa kwenye mkoba wa mkononi. Kitu cha thamani usikiweke kwenye Fuso.

Nne, kuagana. Nilitaka kuruka hatua hii ili mtoto asilie. Binti alizunguka nyumba tano, akarudi na macho mekundu na daftari lenye namba za simu za mama za wenzake. Usiku huo alilala vizuri kuliko siku zote tangu Lushoto.

Mizigo ikaenda na gari, sisi tukapanda treni ya SGR, hii iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Mdogo hakutapika.

Keki iliyoshuka mlima

Nyumba mpya ilikuwa na mwangwi. Wanaume wa mizigo walivunja mguu wa meza na mfuko wa vijiko hatujauona mpaka leo. Julai Dodoma ni upepo na vumbi. Ukifagia asubuhi, mchana hujui kama ulifagia. Siku ya tatu binti alisema, "Nyumba hii hainuki kwetu." Alikuwa sahihi. Ilinuka rangi.

Jumamosi nikawaambia: tunapika keki. Oveni hatuna. Tuna jiko la mkaa, sufuria kubwa na mchanga, kama mama zetu.

Kazi ziligawanywa. Mdogo alichekecha mchanga, na alichekecha wa kutosha kujenga chumba. Binti alivunja mayai. Baba yao alisaga iliki, akatoa maoni ambayo hayakuombwa. Nilipika kwa vipimo vyangu vya miaka yote: unga wa ngano vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, mayai matatu, mafuta nusu kikombe, maziwa kikombe kimoja, baking pauda vijiko viwili vidogo, iliki na maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa. Wakati wa kupaka mafuta chombo, mdogo alijipaka na masikio.

Mchanga mkavu unaweka kina cha vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, unaupasha moto kama dakika kumi na tano, unaketisha chombo cha keki juu yake, unafunika, kisha unaweka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Usifunue kabla ya dakika 25, hata watoto wakupigie magoti.

Nilipofunua, keki ilikuwa imepanda vizuri mpaka ukingoni. Dakika chache baadaye, mbele ya macho yetu, katikati ikazama. Shimo.

"Imeshuka kama basi la Mombo!" mdogo akapiga kelele kwa furaha.

Mimi nilitaka kulia. Siku kumi za mabegi, na sasa hata keki. Binti akainama akaitazama kwa makini, kama daktari. "Mama, haijazoea Dodoma," akasema. "Ni kama maharage ya bibi."

Baba yake akanyanyua kichwa. Mtoto alikuwa amegusa jambo lenyewe. Dodoma si tambarare ya pwani. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu ya baking pauda hutanuka upesi, keki hupanda kabla haijashika, kisha huanguka. Waokaji huanza kupunguza baking pauda kuanzia mita 900 hivi. Na upepo wa siku ile nao ulikuwa umechochea mkaa kuliko nilivyodhani.

Ile ya kwanza hatukuitupa. Watoto walijaza shimo kwa karanga na zabibu kavu za hapa hapa Dodoma, wakaipa jina la Irente, na wakawa wanachungulia ukingoni kabla ya kukata. Ililiwa mpaka makombo.

Jumapili tukarudia. Baking pauda kijiko kimoja na nusu, unga tukaongeza kijiko kikubwa kimoja, jiko tukalikinga na upepo kwa ukuta wa uani. Ikapanda ikatulia. Haikuwa keki ya duka, lakini harufu ya iliki iliingia vyumba vyote. Watoto wawili wa jirani walisimama getini bila kusema shida yao. Binti yangu alikata vipande viwili akawapelekea mwenyewe. Sikumtuma. Mmoja wao, nimejua baadaye, yuko darasa la tatu shule ile ile anayokwenda.

Neno moja la tahadhari kwa tunaoishi kwenye baridi: keki ikishaiva, jiko la mkaa libaki nje. Usiliingize chumbani ili watoto wapate joto, hata kama halitoi moshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Kwa mama mkwe pia tulikubaliana hivyo: mablanketi, si jiko.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekaa sawa. Juzi usiku binti aliamka akaja chumbani kwetu, akauliza kama baba atahamishwa tena. Zamani ningemwambia, "Lala, mambo ya wakubwa hayo." Nilimwambia inawezekana, sijui lini, na siku barua ikija yeye na mdogo wake wataisikia kutoka kwetu siku hiyo hiyo.

Akafikiri. "Mkiwa mmekaa, siyo kwenye simu."

Tukakubaliana hivyo. Akarudi kitandani kwake, kile kile kilichokuja na Fuso.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, nikiwa nimekaa kwenye kiti.