Mawimbi ya simu yapimwe hadi ndani ya duka

Siku hizi mfanyabiashara wa mashambani nchini Kenya anatakiwa atende mambo mengi kwa njia ya mtandao. Akiuza kilo ya sukari, apokee malipo kwa simu. Akiagiza bidhaa kutoka mjini, atume pesa kwa simu. Akilipa kodi, aingie katika tovuti ya serikali. Akitaka kuiuzia shule mahindi, atoe ankara ya kielektroniki. Siyapingi haya hata kidogo, kwani yana manufaa yake. Ninalolipinga ni kwamba amri zimetangulia na mtandao wenyewe ukaachwa nyuma. Anayemwamrisha mwenzake avuke mto yampasa ahakikishe kwanza kwamba daraja lipo.

Tukumbuke tulikotoka. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na haikuchukua muda ikageuza simu kuwa mkoba wa pesa hata vijijini. Huduma hiyo haikuhitaji mengi. Simu ya bei nafuu na mawimbi kidogo vilitosha. Mambo sasa yamebadilika. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) haikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Kwa sababu hiyo, mnunuzi mkubwa humdai mwenye duka ankara, na asipoipata huenda kwingine. KRA iliutambua ugumu huu, ikaweka njia ya kutumia simu ya kawaida kwa kupiga *222#. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, simu ya kawaida nayo huhitaji mawimbi. Pasipo mawimbi, nambari hiyo ni tarakimu tupu.

Huenda mwalimu au mwanafunzi anayesoma ukurasa huu akajiuliza mambo ya duka yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Kwa vijana wengi wa mashambani, mlango wa chuo kikuu ni kijumba cha saiba kilichoko sokoni, chenye kompyuta tatu au nne. Humo ndimo aliyefanya mtihani wa KCSE anamochagulia kozi katika tovuti ya KUCCPS, na humo ndimo anamoombea mkopo wa HELB. Maombi haya yana siku ya mwisho. Ukurasa unapozunguka nusu saa bila kufunguka, mwenye saiba hupoteza shilingi chache, lakini mwanafunzi aweza kupoteza mwaka mzima. Mwenzake wa mjini hujaza fomu iyo hiyo akiwa sebuleni kwao.

Ili tupate dawa, ni sharti tuujue ugonjwa. Watu wengi husema kwa jumla kwamba "mtandao unasumbua", kumbe kuna maradhi mawili tofauti. La kwanza ni mawimbi hafifu, yaani simu na mnara havisikilizani vizuri. La pili ni intaneti ya polepole, ambayo yaweza kutokea hata pale simu inapoonyesha mawimbi tele. Anayeyachanganya haya mawili hununua dawa ya malaria ilhali anaumwa jino.

Nianze na mawimbi hafifu. Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga: hupenda njia iliyonyooka, na mlima ukiyakinga huacha kivuli nyuma yake. Mtu akisimama kwenye ukingo wa bonde la Kerio, pale Iten, yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Mnara uliosimikwa juu ya ukingo kama huo waweza kuliona bonde la mbali usilione duka lililo chini ya genge lenyewe. Ndiyo maana mwenye duka huona mnara ukimetameta usiku na bado simu yake haishiki. Juu ya hayo, maduka yetu mengi yameezekwa kwa mabati, na mengine kuta zake pia ni mabati. Bati huyarudisha mawimbi jinsi kioo kinavyorudisha mwanga. Mtu akitoka nje hatua mbili, simu hulia. Akirudi kaunta, kimya.

Intaneti ya polepole ina chanzo kingine. Mnara ni kama mfereji wa maji kijijini. Mfereji mmoja ukitegemewa na watu 20, kila mmoja hujaza mtungi wake upesi. Wakija 500 siku ya soko, maji hudondoka. Zaidi ya hayo, mnara wenyewe hutegemea njia ya kuuunganisha na dunia. Mnara ulioungwa kwa waya wa faiba hubeba mengi. Ule unaorushiana mawimbi na mnara mwingine ulio mbali hubeba machache. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya iliacha kutegemea setilaiti peke yake, na kasi ikaongezeka. Lakini njia pana iliyofika Mombasa na Nairobi haimfai mwenye duka ikiwa kipande cha mwisho, kutoka makao ya kaunti hadi sokoni kwake, kingali kichochoro.

Je, mfanyabiashara afanye nini leo, kabla ya wakuu kuamka? Kwanza apime. Simu nyingi za kisasa, ukifungua mipangilio yake, huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa. Kadiri namba hiyo inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa mtandao wa 4G, -80 ni mawimbi mazuri, nayo -115 ni hafifu mno. Apime kwenye kaunta, mlangoni, nyuma ya duka na juu ya paa. Apime kwa laini za kampuni mbalimbali, na apime asubuhi na jioni. Akiona namba nzuri juu ya paa na mbaya ndani, basi ugonjwa ni jengo. Antena ya nje iliyoelekezwa mnarani na kuunganishwa na ruta kwa waya mfupi itamsaidia. Nasema waya mfupi kwa sababu waya mrefu hunyonya mawimbi yale yale tunayoyatafuta. Akiona namba nzuri kote na bado ukurasa haufunguki, antena haitamfaa kitu; huo ni msongamano, na afadhali atafute kampuni nyingine au njia nyingine.

Hapa yanipasa kutoa onyo. Kuna vifaa vya kukuza mawimbi ambavyo huuzwa kwa maneno matamu. Kifaa hicho hakiumbi mawimbi. Hukuza tu yale kinayoyapata, na pasipo kitu hakuna cha kukuza. Isitoshe, kilicho duni au kilichofungwa vibaya huvuruga mnara wenyewe, na hapo mtu mmoja akajitibu kwa kuwaambukiza majirani. Vifaa vya mawasiliano hutakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mnunuzi aulize idhini kabla ya kuuliza bei.

Wengine watasema kwamba setilaiti imemaliza matatizo yote, kwa kuwa Starlink ilianza kuuza huduma zake nchini Julai 2023. Ni kweli kwamba chombo hicho hakijali mlima mmoja wala mnara, mradi kipate anga wazi na umeme. Lakini kukinunua na kukilipia kila mwezi ni mzigo kwa muuza mboga peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Maduka kumi ya soko moja yakichanga, chini ya mpango unaokubaliwa na kampuni na sheria, mzigo hupungua. Mwaka wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka leseni maalumu kwa mitandao ya kijamii, ile inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Nashangaa kwamba jambo muhimu kama hili halitajwi katika baraza za machifu.

Tena tusisahau yale mabaluni. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet ya Marekani, ilianza kurusha intaneti nchini kutoka angani kwa mabaluni, ikishirikiana na Telkom Kenya. Watu walishangilia. Januari 2021 wenyewe walitangaza kwamba mradi unafungwa, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa mno. Funzo ni kwamba kijiji hakiwezi kutegemea maajabu. Kinahitaji mnara unaodumu, wenye umeme wa akiba na faiba inayoufikia.

Kampuni za simu hujitetea kwamba mnara ni ghali na wateja wa vijijini ni wachache. Siwalaumu kwa hilo. Biashara si sadaka. Lakini Bunge liliona tatizo hilo zamani. Sheria ya mawasiliano ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2009, iliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, inayochangiwa na kampuni zenye leseni kwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Kazi yake ni kupeleka mawasiliano pale ambapo faida haiwezi kuyapeleka. Kwa hivyo swali la mwananchi lisiwe kwamba pesa zitoke wapi. Liwe hili: ni kata gani itakayofuata, na kwa nini hiyo badala ya ile?

Swali hilo halijibiki bila vipimo vya kweli, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ripoti hutwambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya wanaishi mahali panapofikiwa na mawimbi. Sina sababu ya kuikataa hesabu hiyo. Lakini kufikiwa na mawimbi nje ya nyumba ni jambo moja, na kutoa ankara ukiwa kaunta ni jambo jingine. Upimaji wa ubora wa mtandao aghalabu hufanywa kwa vyombo vilivyowekwa ndani ya gari linalopita barabarani. Duka la mashambani haliko ndani ya gari. Liko chini ya bati, nyuma ya kilima, siku ya soko.

Nawaomba basi walimu wa fizikia, hesabu na jiografia wayachukue haya kuwa somo. Wanafunzi wa kidato cha tatu waweza kwenda sokoni kwa simu mbili na daftari, wapime duka baada ya duka, kisha wachore ramani. Mwalimu wa hesabu atawaonyesha kwamba namba hizo ni za logarithimu: tofauti ya 10 ina maana ya nguvu mara 10, na tofauti ya 20 ni mara 100. Mwalimu wa jiografia atawaonyesha kilima kinachotupa kivuli. Ramani hiyo ikitiwa sahihi na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa soko, ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge na kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Ramani yenye tarehe na vipimo haipuuzwi kwa urahisi.

Nao wenye mamlaka wana wajibu wao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora ufaao. Mwenye duka anapolipia data hununua bidhaa kama anunuaye unga. Unga ukiwa na mchanga tunalalamika. Data isiyosonga tunaambiwa tuvumilie. Mamlaka ya Mawasiliano na ipime ndani ya majengo, katika masoko madogo, na ichapishe matokeo ya kila wadi. KRA nayo, kabla ya kumwadhibu mfanyabiashara kwa kukosa ankara, iulize kwanza iwapo sokoni kwake mna mawimbi.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wanaotunga amri hizi wako katika ofisi zenye faiba ukutani, na sidhani kwamba wana nia mbaya. Wanahitaji kuonyeshwa tu. Nami naamini kwamba walimu na wanafunzi wa nchi hii wana uwezo wa kuwaonyesha, muhula huu huu.