Laptopu Haijafa, Fundi Hakuisoma

Leo ntasema jambo ambalo mafundi wangu wa Kongowea na Magongo watanichukia nalo siku mbili tatu, kisha tutanywa kahawa yaishe. Ile sentensi ya "Linux haina draiva" ni uvivu. Si ujuzi wala ushauri, ni uvivu uliovaa koti la ufundi. Na uvivu huo una watu wanaoulipia: mwanafunzi wa Likoni, kijana wa Kisauni anayefanya kazi za mtandaoni usiku, mama mwenye saiba ya kompyuta mbili pale Mikindani.

Kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Mashine hazikuzimika siku ile, lakini viraka vya usalama vilikatwa, isipokuwa kwa anayejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 2026. Windows 11 nayo yataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi. Kwa Intel, karibu zote ni za kuanzia kizazi cha nane, zilizotoka 2017. Sasa geuza macho kwenye laptopu zetu. Nyingi ni zile tunazoziita eks-UK, zimeshatumika ofisi za watu huko Ulaya, zikashushwa Kilindini, zikaishia kwenye vioo vya maduka yetu. Kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Ukiiongezea RAM na kuitia SSD, yakimbia vizuri tu. Lakini kwenye karatasi za Microsoft, mzee huyo ashastaafishwa.

Basi kijana asikia habari za Linux, aweka Mint au Ubuntu, mashine yawaka haraka, yapendeza. Halafu waifai haionekani. Abeba begi, avuka feri, aenda kwa fundi. Fundi aitazama dakika mbili: "Hii Linux haina draiva, kaka. Tukupigie Windows." Anapigiwa Windows ya wizi, ile ambayo kitu cha kwanza kinachozimwa ili iingie ni kinga ya virusi. Alipa, arudi nyumbani na mashine nzito iliyoachwa mlango wa nyuma wazi. Na kwenye mashine hiyo hiyo ataingiza paswadi ya iTax, ya HELB, ya eCitizen. Halafu siku moja akaunti ikiingiliwa, tutasema ni hasadi.

Mwaka huu nimeishika laptopu ya binti mmoja wa Mtongwe. Yeye aliambiwa kadi ya waifai imeungua, anunue nyingine. Nikafungua terminali, nikaandika amri moja: lspci -nnk. Ikatoa mstari wenye namba 14e4:4365. Namba hiyo ni kama kitambulisho. 14e4 ni Broadcom, mwenye kiwanda. 4365 ni kadi yenyewe, BCM43142. Kadi iliyoungua haitoi kitambulisho, mwanangu. Kadi ilikuwa nzima, chini yake tu hapakuwa na mstari wa draiva inayoiendesha. Tukachomeka simu kwa waya wa kuchajia, tukawasha palipoandikwa USB tethering, intaneti ikaingia kupitia simu. Tukafungua dirisha la kusimamia draiva lililomo ndani ya Mint, tukachagua ya Broadcom, tukazima na kuwasha. Robo saa. Huyo dada alikuwa ashaanza kuchangisha pesa za kadi mpya.

Hebu tuelewane maana ya maneno, manake mengi yapotelea hapo. Draiva ni dereva, basi. Kifaa ni matatu: injini ipo, viti vipo, lakini bila dereva haitoki steji. Kwenye Linux madereva wengi wanaishi ndani ya kaneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ndiyo maana vifaa vingi huwaka bila kutafuta CD wala kupakua chochote. Halafu kuna femiwea. Hiyo ni programu ndogo ya mwenye kiwanda ambayo lazima iingie ndani ya chipu ndipo iamke. Femiwea ni funguo. Dereva yuko kwenye kiti, mkono uko kwenye usukani, lakini mwenye matatu ameondoka na funguo. Hapo ukisema "hakuna dereva" umesema uongo, na ukienda kuajiri dereva mwingine bado gari halitawaka. Shida mbili tofauti, dawa mbili tofauti. Fundi asiyejua tofauti hii apiga ramli, na kwa ramli tushatosheka, vibao vya waganga vimejaa kwenye nguzo za stima kuanzia Bombolulu mpaka Mtwapa.

Na kusoma kwenyewe si sayansi ya roketi. Ya kwanza ni hiyo lspci -nnk, na kwa vitu vya kuchomeka nje ni lsusb. Zakupa jina na namba, na ya kwanza yakuonyesha pia draiva iliyoshika kazi. Ya pili ni rfkill list. Ikisema waifai imefungwa kwa "hard blocked", basi mara nyingi kuna swichi ubavuni au kitufe cha kibodi kimebonyezwa, wala hakuna cha kuweka upya. Wangapi wamepigiwa Windows kwa sababu ya swichi? Ya tatu ni sudo dmesg. Hiyo ni daftari ya mashine, inaandika kila kilichotokea tangu iwake. Kama funguo imekosekana, imeandikwa pale, mpaka jina la faili linalotakiwa. Mashine yapiga kelele inaumwa wapi, sisi twaiziba mdomo na kuifuta yote.

Kuna laptopu za HP zenye kadi ya Realtek RTL8723BE. Waifai yashika ukiwa umekaa karibu na ruta, ukienda chumba cha pili yapotea. Kila mtu husema Linux mbovu. Ukweli ni kwamba mashine hizo nyingi zina antena moja tu, na draiva inasikiliza upande ambao haukuchomekwa antena. Dawa ni mstari mmoja wa mpangilio, ant_sel, kuiambia isikilize upande wa pili. Namjua jirani Mshomoroni aliyekaa miezi akifanya kazi barazani kwa ajili ya antena.

Nyingine ni hii ya Secure Boot kwenye baiosi. Kazi yake ni kukataa kitu chochote kisicho na sahihi inayotambulika. Ukiweka draiva ya nje, kama ya NVIDIA au hiyo ya Broadcom, mfumo wakuomba utunge paswadi, kisha ukiwasha upya unatokea uso wa buluu. Watu waogopa, wabonyeza Continue, watoroka. Pale unatakiwa uchague Enroll MOK na uandike ile paswadi uliyotunga. Ukiipita, draiva imo ndani lakini mlinzi wa getini kaikataa. Halafu utasikia, "nimeweka mara tatu haikubali." Haitakubali hata mara thelathini.

Sasa nageukia upande wa pili, nyinyi wapenzi wa Linux wa mtandaoni, msifurahi mapema. Nanyi mna deni. Mwawaambia watu kwamba Linux yafanya kazi kwenye mashine yoyote. Si kweli. Visoma alama za vidole vingi havifanyi kazi. Kuna printa za Canon ambazo zitakutoa jasho. Kadi za NVIDIA zimesumbua miaka. 2012 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliitukana kampuni hiyo hadharani kule Finland. Ilikuwa 2022 ndipo NVIDIA ikafungua sehemu ya draiva yake, tena kwa kadi mpya mpya. Kadi kuukuu, zile zinazofika kwetu, hazikuingia kwenye karamu. Kijana akiuliza kwa ustaarabu, mwamjibu "kasome mwongozo". Mwongozo upo mtandaoni, na yeye amekuja kwa sababu hana mtandao! Hilo ni jibu au ni dharau?

Watu wa Debian walikuwa na msimamo wa namna hiyo miaka mingi. Femiwea ambayo si huru haikuingizwa kwenye diski yao rasmi ya kuwekea mfumo, kwa sababu ya kanuni. Naiheshimu kanuni. Lakini 2022 walipiga kura, na Debian 12 ilipotoka Juni 2023 funguo zile zikawekwa ndani ya diski. Walikubali wenyewe kwamba usafi wa imani usiomfikisha mtu kwenye intaneti haumsaidii. Kama wao wameweza kurudi nyuma hatua moja kwa ajili ya mtumiaji, wewe wa Nyali mwenye faiba nyumbani waweza kumjibu mtu vizuri.

Na lawama kubwa zaidi, ile ambayo hatuitaji, ni ya makampuni ya chipu. Kuna draiva za Linux, kama b43 ya Broadcom na nouveau ya NVIDIA, ambazo watu wa nje walilazimika kuzitunga kwa kuchunguza chipu inavyofanya kazi, kwa sababu mwenye kiwanda hakutoa maelezo. Umeuza kifaa, umechukua pesa, lakini namna ya kukiendesha wataka ibaki siri yako. Kifaa kikizeeka na wewe ukikiacha, mnunuzi wa tatu aliye Changamwe afanyeje? Hiyo ndiyo sababu neno "Linux haina draiva" laniudhi. Lambebesha lawama yule aliyejitolea kutunga dereva, na lamwachia aliyeficha funguo.

Najua mafundi wataniuliza: mteja ataka Windows na Word, mimi ntakula nini? Swali la haki, nalijibu. Kuna wateja wanaohitaji Windows kweli. Huyo mpe, lakini mwambie ukweli kuhusu hiyo ya wizi. Ila hata kama hutaki kuisikia Linux maisha yako yote, weka flashi moja ya Mint kwenye droo yako. Mashine yaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mteja. Mteja amekuja na Windows, waifai haishiki. Washa kwa flashi. Waifai ikishika, kadi ni nzima, shida iko kwenye Windows yake, usimuuzie kadi. Isiposhika, soma daftari ujue ni funguo, ni swichi, au ni kadi imekufa kweli. Umetumia dakika kumi na umepata jibu unaloweza kulisimamia. Hayo ndiyo ya kutoza pesa! Daktari hutoza kumpima mgonjwa, hangoji mpaka amkate mguu.

Na bando si kisingizio. Faili la Mint ni kama GB 3. Mmoja apakue penye waifai, maskani nzima inakili kutoka kwake. Hakuna wa kukushitaki, leseni yenyewe yaruhusu ugawe. Zamani Ubuntu walikuwa wakituma CD bure kwa posta mpaka 2011 walipoacha. Sasa posta ni sisi wenyewe, kutoka Chaani mpaka Mtopanga, mkono kwa mkono.

Nalikazania hili kwa sababu kwetu laptopu si pambo. Tangu 2016 serikali yatuambia kwa mradi wa Ajira Digital kwamba kazi ziko mtandaoni, tujifunze, tujitegemee. Sawa. Basi laptopu ndiyo jembe. Kijana akiambiwa jembe lake limekufa, na hana shilingi elfu ishirini za jingine, hakuna semina itakayomsaidia. Vijana wa Kisauni tukitajwa kwenye habari ni kwa mapanga. Mimi nataka tutajwe kwa jingine: kwamba bara hii ya Mombasa ina vijana wanaoweza kuifungua mashine iliyotupwa na ofisi ya Ulaya, wakaisoma, wakairudisha kazini.

Kwa hivyo, mteja, shika kanuni moja. Usilipie neno "imekufa" wala neno "haina draiva" kabla hujaonyeshwa jina la kifaa na namba yake, na mstari wa daftari unaosema kimekosa nini. Iandike namba hiyo kwenye simu yako, ukiitafuta mtandaoni utawakuta watu wa nchi zingine wenye kadi kama yako waliokwisha kulia na kupona. Fundi anayeweza kukuonyesha, mlipe na umshukuru. Asiyeweza, mwambie kwa heshima, "Ahsante fundi, wacha niende nayo," chukua begi lako uondoke.

Nanyi mafundi wangu, kahawa ntalipa mimi. Njooni na flashi.