Deni la Aliyesomeshwa

Mtu akisomeshwa kwa fedha za wengine, anabaki na deni. Shule moja ya Ufaransa imeishi na jambo hili kwa zaidi ya miaka 200, nasi tuna la kujifunza kwake.

École Polytechnique ilianzishwa mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa. Nchi ilikuwa vitani na ilipungukiwa wahandisi. Mwanahisabati Gaspard Monge na wenzake wakataka vijana wachaguliwe kwa mtihani, si kwa ukoo, na serikali ikawapa posho. Mwaka 1804 Napoleon akaifanya shule ya kijeshi. Baadaye kidogo ikaja karo, na mtoto wa maskini akaanza kubaki nje. Wasichana walisubiri hadi 1972.

Matunda yake ni makubwa. Humo alipita Henri Becquerel, aliyegundua unururifu mwaka 1896. Alipita Auguste Comte, aliyeamini kwamba zama za dini zimepita na sasa ni zamu ya sayansi. Alipita pia Augustin-Louis Cauchy, mwanahisabati na Mkatoliki thabiti, ambaye mwaka 1830 dhamiri ilimzuia kumwapia mfalme mpya, akapoteza kazi yake ya ualimu. Shule ni ile ile. Hesabu ziliwanoa wote akili, lakini hazikuwaambia wamtumikie nani.

Kuna desturi yao moja ya kutafakari. Kwa muda mrefu, mhitimu aliyeacha utumishi wa umma akaenda kampuni binafsi alidaiwa gharama za masomo. Deni hilo waliliita "pantoufle", yaani sapatu, kiatu cha kustarehe nyumbani. Mara nyingi kampuni ilimlipia, naye akaendelea na safari yake. Kwa fedha, deni limekwisha. Je, kwa haki limekwisha?

Ndugu zangu waseminari, sisi tunasomeshwa kwa sadaka. Ndani yake imo shilingi ya mama auzaye mchicha, ambaye mwanawe mwenyewe huenda amekosa ada. Hakuna atakayetuletea ankara, na kwa sababu hiyo deni letu ni zito zaidi. Atakayepewa daraja alilipe kwa kukubali parokia ya mbali bila kunung'unika. Atakayeona wito wake uko kwingine, akawa mwalimu au mhasibu, naye bado anadaiwa: awe mwaminifu pale alipo, na amsomeshe mtoto wa mwingine.

Tusivae sapatu mapema.