TUSIBANE KWA FAIDA YA TAJIRI



Wengi wetu tulilelewa na akina mama waliofunga senti katika pembe ya leso, na akina baba waliovaa akala mpaka mpira ukatoboka. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi vipande sawasawa, na kipande kilichokwisha kikabandikwa juu ya kipya. Koroboi ilizimwa mara tu chakula kilipoliwa. Leo tu watu wazima wenye mishahara yetu, lakini mkono bado unasita kila unapotoa shilingi.

Malezi hayo hatuyaonei haya. Lakini yafaa tukumbuke yalitoka wapi. Wazazi wetu hawakuzaliwa wabahili. Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1954, ilieleza kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto, ikapendekeza upimwe kwa mahitaji ya mwenye jamaa. Maana yake ni kwamba mke na watoto waliachiwa shamba la nyumbani liwalishe. Wazazi walibana kwa sababu mshahara haukutosha.

Sasa tutazame tunavyoutumia urithi huo. Yuko ndugu anayeshona glavu zake kwa uzi wa gunia ili zimfikishe mwezi mwingine. Yuko mwingine anayetia kipande cha boksi ndani ya buti lililotoboka, kisha anashinda nalo majini. Ukimwuliza atajibu, "Baba yangu alivaa kiatu kimoja miaka kumi." Baba huyo twamheshimu. Lakini je, hapa inaokolewa shilingi ya nani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri awape wanaofanya kazi penye maji au vitu vya kudhuru nguo za kujikinga, na glavu na viatu vikihitajika. Basi anayeshona glavu hizo hajiwekei akiba, anamwekea tajiri. Na mkono ukioza, ni wake.

Kadhalika ada ya chama. Wapo wanaoinung'unikia kila mwezi kama hasara. Wazee wetu waliojiunga na vyama zamani walilipa ada kwa mkono, katika mshahara ule ule mdogo. Walijua kwamba hata mtu abane namna gani, mshahara hauongezeki kwa kubana.

Hatusemi watu watapanye. Anayemaliza mshahara siku ya kwanza, akaishi kwa mikopo ya simu mpaka mwisho wa mwezi, huyo naye twamwonya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato ya mshahara kupita theluthi mbili, lakini deni la simu halikatwi katika ofisi ya mishahara, kwa hiyo kinga hiyo haimsaidii. Shilingi iliyobaki na iende katika chama cha akiba na mikopo, ambako mwenyewe atakopa kwa nafuu.

Ndugu, tubane sukari, tubane soda, tubane na sherehe tusizoziweza. Lakini glavu ikitoboka kesho, usitafute sindano. Mtafute mwakilishi wako wa chama, mwende ofisini pamoja, mkaombe mpya.