TAHARIRI: Majani tunayochoma ni mtaji, lakini si wa bure

Pita mtaani Jumamosi asubuhi ujionee. Kwenye kona ya ploti mtu amefagia majani, akayarundika na kuyapiga kiberiti. Moshi umetanda hadi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Hatua chache mbele, vijana wanne wamekaa ukutani, simu mkononi, wanasema hakuna kazi. Nao hawasemi uongo. Nafasi za ofisini hazitoshi, na vyeti vinazidi kujaa vumbi ndani ya bahasha.

Hatutaki kumwambia kijana yeyote kwamba jani kavu litamtoa kwenye umaskini kufikia kesho. Maneno ya aina hiyo ameyasikia ya kutosha. Tunachosema ni kwamba ndani ya lile rundo linaloungua mna malighafi ya kazi halisi ya mikono: kadi, picha za ukutani, majalada ya daftari, vivuli vya taa na mapambo ya meza. Na kazi hiyo itadumu tu iwapo tutaacha kuiita ya bure.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Nyanya zetu walikunja majani makavu ya mgomba wakapata ngata ya kubebea mtungi. Watoto wa Kisii na Magharibi wameyafunga kwa kamba ya mgomba huohuo wakapata mpira. Leo, ukizuru Maasai Market jijini Nairobi, utakuta kadi zenye picha za akina mama waliobeba kuni au maji, zilizobandikwa vipande vya majani ya mgomba. Ukiangalia vizuri, kahawia nyepesi, kahawia nzito na ile inayokaribia nyeusi zote ni rangi za jani lenyewe. Hakuna rangi ya dukani.

Kwa hivyo anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri mkopo. Anahitaji kujua majani. Ya mjakaranda, yaliyojaa kwenye barabara za Nairobi, ni madogo mno na hupukutika. Hayo waachie mboji. Ya mwembe ni magumu na yanakaa. Ya mkungu, ule mti wa kivuli unaoota sana Pwani, ni mapana na hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Ya mgomba hukaukia palepale kwenye shina na mkulima huyapogoa ili shamba liwe safi. Muombe, atakupa.

Kisha kuna kukausha, na hapa ndipo wengi huharibu. Jani likianikwa juani hujikunja na kuvunjika. Lipanguse vumbi, liweke katikati ya kurasa za gazeti la zamani, ulikandamize kwa vitabu vizito au tofali. Badilisha gazeti kila baada ya siku chache hadi unyevu uishe. Yaweza kuchukua wiki moja au zaidi, kutegemea unene wa jani. Ukiharakisha, kuvu itaota ndani ya kadi uliyokwisha kuuza, na mteja huyo hatarudi. Ukitaka jani linalobaki mishipa mitupu kama wavu, liloweke majini kwa wiki kadhaa hadi nyama yake ioze, halafu ulisafishe taratibu kwa mswaki laini. Maji yatanuka, tusidanganyane. Lakini kitu utakachopata hakifanani na chochote kinachotoka kiwandani.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuseme umetengeneza kadi 10 kwa saa tano. Karatasi, gundi na bahasha zimekula Sh300. Kwa kuwa majani uliyaokota, unajiambia hayakukugharimu kitu, unauza kila kadi Sh50. Umepata Sh500, ukitoa gharama unabaki na Sh200. Hiyo ni Sh40 kwa saa. Ukiuza kila moja kwa Sh120, unabaki na Sh900, yaani Sh180 kwa saa. Tofauti haikutoka kwenye jani. Imetoka kwenye kukubali kwamba muda wako una bei.

Ndiyo maana neno 'bure' ni hatari. Mnunuzi akilisikia, ataanza na "si ni majani tu, nipunguzie." Basi mwambie kilichofanyika: wiki ya kukausha, kuchagua jani moja kati ya mengi, mkono uliokata na kubandika. Weka video fupi ya kazi yako kwenye mtandao, uonyeshe jani likitoka chini ya mti hadi kwenye fremu. Watu hulipia kitu wanachoelewa kimetoka wapi. Kumbuka pia kwamba baadhi ya wanunuzi ni watalii. Nchi kama Australia humtaka msafiri atangaze kitu chochote cha mimea uwanjani, na jani lenye mdudu au udongo halipiti. Usafi, kwa hivyo, ni sehemu ya biashara.

Kuna hatari nyingine, na hii inahusu mti wenyewe. Biashara ya vinyago imetupa somo. Wachongaji wetu walisifika duniani kwa vinyago vya mpingo na muhuhu, soko likapanuka, na miti hiyo ikaadimika. Baadhi yao walilazimika kugeukia mwarobaini na miti mingine inayokua haraka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitafuta riziki kama wewe. Lakini hakuna aliyehesabu miti mapema.

Sanaa ya majani yaliyoanguka ina nafasi ya kuepuka kosa hilo, mradi tushike kanuni moja: chukua kilichoanguka, usikwanyue kilicho hai. Siku utakayopata oda ya kadi 500 ndiyo siku utakayojaribiwa kupanda mti na kuvuna majani mabichi. Siku hiyo, mwambie mteja asubiri au umpe muundo mwingine. Vilevile usikombe chini ya mti pakabaki peupe. Majani yanayooza ndiyo chakula cha udongo, na ndiyo huzuia maji ya mvua kuubeba. Chukua sehemu, acha sehemu. Na kama ni msitu wa serikali, omba ruhusa kwanza. Humo hata kilicho chini kina mwenyewe.

Hata hivyo, mzigo huu si wa vijana peke yao. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kaunti zinazofagia barabara na bustani kila siku zingeweza kutekeleza hilo kwa kuanzia na majani: yawekwe mahali pamoja, makundi ya vijana yachague yanayofaa, yanayobaki yafanywe mboji. Hilo halihitaji jengo la mamilioni. Linahitaji uwanja mdogo, paa, na agizo la kuacha kuchoma.

Soko nalo lipo kwa anayetaka kulitafuta. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. India hutengeneza sahani kwa makuti ya mpopoo yaliyodondoka yenyewe: huoshwa, kisha hukandamizwa kwa mashine yenye joto, bila gundi. Taasisi zetu za kiufundi zina mafundi wanaoweza kuunda mashine kama hiyo na kujaribu majani ya huku, baada ya kuhakikisha kwamba ni salama kwa chakula. Hoteli zinazojigamba kupenda mazingira zianze kwa kununua hapa nyumbani.

Kwa walimu, tuna ombi dogo. Wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa vya CBC. Kabla hujamtuma mtoto dukani akanunue manila ya rangi, mtume chini ya mwembe wa shule. Atajifunza sanaa, sayansi na hesabu ya bei kwa wakati mmoja, na mama yake atabaki na nauli.

Nawe kijana uliyekaa ukutani, hatukuahidi utajiri. Tunakuomba jambo moja tu wiki hii. Jirani akishika ufagio na kiberiti, mwambie angoje kidogo. Chagua majani 20 mazuri, yaweke ndani ya gazeti, uweke tofali juu. Wiki ijayo yafungue uone yaliyopona na yaliyoharibika, kisha ujiulize kwa nini. Hapo utakuwa umeanza kujifunza ufundi, na ufundi ni kitu ambacho moto wa jirani hauwezi kukichoma.