Biashara ya kaboni: Mafia ianze na mashine ya barafu

Tangu Tanzania itoe kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, macho ya wengi katika mwambao wa Pwani yameelekezwa kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ng'ambo ya mkondo wa Mafia. Si ajabu, kwani hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo nchini. Lakini biashara hiyo ina upande wa pili, nao ni kuinasa hewa ya ukaa viwandani na kuizika chini ya miamba. Upande huo hauzungumzwi sana na wawekezaji wadogo, ingawa ndani yake imo kazi moja ambayo mtaji wa Kitanzania unaweza kuimudu: kutengeneza mitambo ya kupozea kwa vipimo vya mteja.

Kaboni haihifadhiki bila ubaridi. Moshi wa kiwandani hupozwa hadi nyuzi joto 40 hivi kabla ya kupitishwa kwenye dawa inayoinasa. Ikishanaswa hugandamizwa, na kwa kuwa kila mgandamizo huzaa joto, hupozwa tena. Katika mradi wa Northern Lights wa Norway, ulioanza kuzika kaboni chini ya bahari mwaka 2025, hewa hiyo husafirishwa kwa meli ikiwa kimiminika chenye baridi ya nyuzi 26 hivi chini ya sifuri. Hata kwenye maabara ambako watafiti husukuma kaboni ndani ya kipande cha mwamba ili kupima kama kitaishika, kichwa cha pampu lazima kipozwe. Vinginevyo kimiminika hugeuka gesi ndani ya pampu na vipimo vya siku nzima huharibika. Mashine ya namna hiyo kwa kawaida haikutwi rafuni. Huagizwa kwa vipimo vya maabara husika.

Mafia inaingia hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni miamba. Kampuni za BP na Shell zilichimba kisima cha utafiti kisiwani humo enzi za leseni yao ya mafuta ya mwaka 1952 hadi 1964, na kusini yake ipo Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi kwa mwenye fedha, ni joto. Hewa ya ukaa ikizidi nyuzi 31 haigeuki kimiminika hata ikigandamizwa vipi. Mtambo unaotegemea hewa ya nje kujipoza hauna taabu Bergen, lakini mchana wa Februari pale Kilindoni utakwama. Anayetaka kufanya utafiti huo katika mwambao huu atahitaji mtambo ulioundwa kwa joto na chumvi ya hapa.

Soko la hisa halipaswi kuona jambo hili kuwa geni. Kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa Dar es Salaam, tarehe 15 Aprili 1998, ilikuwa TOL, ambayo huvuna hewa ya ukaa ya asili kutoka ardhini wilayani Rungwe, huisafisha, huipoza na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. (TOL inaitoa ardhini wakati watafiti wanatafuta njia ya kuirudisha, lakini kazi ya kompresa ni ileile.) Ujuzi wa kuigeuza hewa hiyo kuwa kimiminika, basi, umo nchini.

Swali la mfanyabiashara ni nani atanunua. Maabara hununua mashine moja, kisha inaweza kukaa miaka bila kurudi. Karakana haiwezi kulipa mafundi kwa oda za namna hiyo. Mteja wa kila siku ni mwenye samaki, na kwake hasara ya mashine isiyopimwa kwa mahali inahesabika.

Mtengenezaji wa ng'ambo mara nyingi huandika uwezo wa mashine ya barafu kwa maji ya nyuzi 15 hivi. Kupoza kilo moja ya maji hayo na kuyagandisha kunahitaji kuondoa kilojuli 397 za joto. Maji ya mwambao yenye nyuzi 28 yanahitaji kilojuli 451, yaani karibu asilimia 14 zaidi. Mashine iliyoandikwa tani 1 kwa siku itatoa kilo 880 hivi, na hapo bado hakijahesabiwa kinachopotea kompresa inapohangaika na hewa ya nyuzi 32. Katika nchi za joto, kilo ya samaki huhitaji takriban kilo ya barafu. Chama cha akiba na mikopo kilichokopa kwa hesabu ya tani nzima kitajikuta na samaki wasio na barafu juu ya boksi, na hao ndio watakaoshusha bei ya shehena nzima ikivuka Nyamisati na kufika Feri.

Umeme nao ni gharama. Kwa miaka mingi Mafia imetegemea jenereta za dizeli za TANESCO, hivyo mashine inayokula umeme kupita kiasi hula faida. Kuhusu mitumba inayotumia gesi ya R22, urahisi wake unahadaa. Chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030, na kujaza gesi kutazidi kuwa ghali.

Karakana itakayojifunza kuunda mashine za barafu zinazostahimili maji ya nyuzi 28, yenye kondensa ya shaba na nikeli mahali pa vibati vya alumini vinavyoliwa na chumvi, ndiyo itakayoweza kupokea oda ya maabara ya kaboni ikija. Kuanza na maabara na kungoja samaki baadaye ni kuweka mtaji rehani kwa mteja asiyejulikana.

Kwa sasa, wanaokusanya fedha za mashine Kilindoni waisome profoma kabla ya kulipa malipo ya awali. Isiyotaja joto la maji, joto la hewa, madini ya kondensa na jina la fundi atakayevuka bahari kompresa ikigoma, irudishwe kwa muuzaji.