Maneno ya Ajabu Wazazi Wakaripiapo Watoto

Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, kama angepita jioni katika kijiji cho chote cha Kenya na kusikiliza maneno yatokayo jikoni, angestaajabu sana. Angemsikia mama akimwambia mwanawe, "Haya, endelea tu!" naye mtoto, badala ya kuendelea, huacha mara moja na kujificha nyuma ya nyumba. Angemsikia baba akimwambia kijana wake, "Hebu rudia neno hilo!" na kijana akanyamaza kama maji mtungini. Maneno ni ya kuamuru, walakini maana yake ni kukataza. Mtoto hafundishwi jambo hili kwa sarufi, na hata hivyo mtoto wa miaka minne hulifahamu barabara.

Yako pia maswali yasiyotaka majibu. "Unadhani mimi ni rika lako?" Swali hili si mchezo katika nchi ambayo makabila yake mengi yamehesabu watu kwa marika tangu zamani. Wanandi, mathalan, wana marika saba ambayo majina yake huzunguka kizazi baada ya kizazi, na kila mtu hujua mahali pake. Basi mzazi aulizapo hivyo, humkumbusha mtoto kwamba amevuka mpaka. Shida ni kwamba mtoto hana njia ya kujibu. Akisema, "La, baba, wewe si rika langu," huambiwa ni mjeuri. Akinyamaza, huambiwa, "Nijibu ninapokuuliza!" Wenye akili huinama, wakatazama vidole vya miguu, wakangoja upepo upite.

Katika vitisho vya Kiswahili, viwili vina sifa kuliko vyote. Cha kwanza ni, "Utakiona kilichomtoa kanga manyoya." Mkulima amjua kanga, maana humwona shambani akichakura mbegu: kichwa chake na sehemu ya shingo ni ngozi tupu, kana kwamba amenyolewa. Lakini msemo hausemi ni kitu gani kilichomnyoa. Cha pili ni, "Utakiona cha mtema kuni." Hapo tena, neno "cha" halikufuata jina lo lote. Je, ni shoka? Ni mwiba? Ni nyoka aliyelala chini ya gogo? Mzazi hasemi, na hiyo ndiyo nguvu ya msemo. Kila mtoto huijaza nafasi hiyo kwa kitu akiogopacho mwenyewe, na mzazi hana haja ya kuinua mkono.

Baada ya vitisho huja methali. Padre W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa, alipochapisha kitabu chake cha methali za Waswahili mwaka 1891, alikuwa akiandika maneno ambayo tayari yalikuwa yamewalea watu kwa muda mrefu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." "Masikio hayapiti kichwa." Hii ya mwisho huambiwa mtoto ajifanyaye mjuzi kuliko wazazi wake. Mtoto aliyemwona punda aweza kudhani kwamba yako masikio yaliyokipita kichwa, lakini mtoto mwenye busara hatalisema hilo mbele ya babaye.

Methali ina faida moja ambayo matusi hayana. Haimtaji mtu. Nyanya aketiye karibu na moto akisema taratibu, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," hajamwita mjukuu wake mwovu wala mjinga. Amemwekea neno mbele yake kama mtu awekaye chakula, na mjukuu mwenyewe huamua kama ni lake. Aibu humpata moyoni, si hadharani. Ndiyo maana mtu wa miaka hamsini aweza kusahau viboko alivyopigwa, asisahau methali aliyoambiwa usiku mmoja bila ya kelele.

Tena si kila msemo wa kukaripia huelekezwa kwa mtoto. Mwingine husemwa na mzazi mmoja kwa mwenziwe. Kijana amevunja chungu, naye baba acheka kwa sababu jinsi alivyojitetea ilipendeza. Mama husema, "Ukicheka na nyani utavuna mabua." Mtu yeyote aliyelinda mahindi karibu na msitu hahitaji kuelezwa. Nyani huchekesha sana arukapo kutoka bua hili hadi lile, lakini mwenye shamba akimaliza kucheka hana gunzi hata moja la kupeleka ghalani.

Hata hivyo, yako maneno ambayo mzazi angefanya vema kuyaacha, na ya kwanza ni matusi yanayomrudia msemaji. Mtu akasirikapo humwita mtoto wake "mwana wa mbwa," bila ya kukumbuka kwamba mtoto huyo ana baba mmoja tu. Mwingine husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," huku mume wake ameketi pale pale akinywa chai. Hapo ugomvi wa mtoto na sukari iliyomwagika hugeuka ugomvi wa watu wazima, na mtoto huponyoka kwenda kucheza. Lakini mbaya zaidi ni pale mtoto asipoponyoka, bali akasikia kila siku kwamba yeye ni mjinga kama babaye, mpaka akaona kwamba hakuna faida ya kujaribu.

Aina ya pili ni vitisho vya kuwasingizia watu wengine. "Nyamaza, askari atakuja kukukamata." "Usipokula, daktari atakudunga sindano." Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, hofu ya mumiani ilienea Pwani na bara. Watu wengi waliamini kwamba wako watu wachukuao damu ya binadamu kutengeneza dawa, na mjini Nairobi hata watu wa zima moto walishukiwa. Uvumi huo ulikuwa wa uongo, lakini ulikuwa fimbo rahisi ya kumwingiza mtoto nyumbani jua litwapo. Basi na tufikiri matokeo yake. Mtoto aliyeambiwa miaka mitano kwamba askari ni mla watoto, siku apoteapo sokoni atamkimbia mtu yule yule awezaye kumrudisha kwa mamaye. Mtoto aliyetishwa kwa sindano atapiga kelele mlangoni pa zahanati, na pengine ataficha ugonjwa wake mpaka uwe mkubwa. Mzazi alitaka kimya cha dakika tano, naye amekinunua kwa bei kubwa mno.

Aina ya tatu ni ahadi zisizotimizwa. "Nitakuua!" "Leo hulali katika nyumba hii!" "Hutakula tena mpaka Jumapili!" Mara ya kwanza mtoto hutetemeka. Usiku ule ule huona kwamba yu hai, yumo nyumbani, na sahani yake imefunikwa mezani kama siku zote. Mara ya kumi hutabasamu kidogo. Mara ya ishirini neno la mzazi limekuwa kama fedha isiyopokewa dukani. Ndipo siku moja mzazi humwonya juu ya hatari ya kweli, kama mto uliofurika au waya wa umeme ulioanguka, na mtoto hulihesabu onyo hilo pamoja na yale mengine.

Jambo hili lina uzito zaidi katika siku hizi. Katika Kenya adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001. Tena Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 yampa kila mtu, katika kifungu cha 29, haki ya kutoadhibiwa kwa viboko, na kifungu cha 53 chamlinda mtoto na ukatili wa kila namna. Wako wazazi wanung'unikao kwamba wamenyang'anywa fimbo na kuachwa mikono mitupu. Lakini hawakuachwa mikono mitupu. Wameachiwa ulimi, nao ulimi ni chombo kikali kinachotaka mtu mwenye ujuzi, kama vile panga litakavyo. Panga hilo hilo hupalilia migomba na hukata mguu wa mwenye nalo.

Kwa hiyo yafaa mzazi ajiulize mambo mawili kabla ya kufungua kinywa. Kwanza: mtoto akiliamini neno hili, litamdhuru? Pili: asipoliamini, litaivunja heshima ya msemaji? "Nitakuua" hushindwa katika maswali yote mawili. "Askari atakukamata" hushindwa katika la kwanza. Lakini kanga na manyoya yake hupita salama, maana hata mtoto mdogo hutambua kwamba ni mzaha wenye onyo ndani yake, na methali ya nyanya hupita kwa heshima kuu.

Wala maneno hayo hayaishii jikoni. Karani aliyesoma mpaka sekondari, ambaye aliapa kwamba hatasema kamwe kama mamaye alivyosema, siku moja humkuta mtoto wake amechora juu ya barua za kazi, na kabla hajafikiri, maneno ya mamaye yamekwisha kutoka kinywani mwake, neno kwa neno na kwa sauti ile ile. Mtoto asikilizaye leo anaweka akiba ya maneno atakayowaambia wanawe. Basi kila mzazi na aangalie ni akiba gani anayomwekea.